Postikadi za zamani: sura zetu bila majina yetu

Nyumba nyingi za wazee Pwani zina bati la biskuti lenye picha za kale, na aghalabu chini kabisa utakuta postikadi moja au mbili. Sisi huziona karatasi tu. Ng'ambo zinapigwa mnada. Naandika haya nikiwa Isiolo, ambako postikadi za zamani ni adimu kuliko Mombasa au Unguja, na uadimu huo una sababu yake nitakayoieleza.

Kadi ya posta ilianza Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa karatasi ngumu, upande mmoja anwani, upande wa pili salamu, bila bahasha na kwa nauli nafuu. Picha zilikuja baadaye, na Uingereza iliwaruhusu wachapishaji binafsi kuingia katika biashara hiyo mwaka 1894. Hadi 1902 sheria ya Waingereza ilitaka upande wa nyuma uwe na anwani peke yake, hivyo mtu alibana salamu zake pembezoni mwa picha. Mwaka huo ndipo ulipokubaliwa mstari katikati, kushoto ujumbe na kulia anwani. Wajerumani walifuata 1905 na Wamarekani 1907. Kwa hivyo ukishika kadi ya Unguja isiyo na mstari huo nyuma, aghalabu ni ya miaka ya mwanzo kabisa ya karne iliyopita au kabla yake.

Kwetu kazi hii ilishikwa sana na Wagoa. A. C. Gomes na mwanawe walikuwa na studio Unguja, na akina Coutinho pia. Dar es Salaam ya Wajerumani alikuwako Carl Vincenti. Wanunuzi wao walikuwa abiria wa meli, maafisa na wamishonari, nao walitaka majahazi, soko, jumba la Beit al-Ajaib, na watu.

Jumba hilo ni mwalimu mzuri kwa mkusanyaji. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa ulioharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Ukiuona mnara huo pichani, basi picha ilipigwa kabla ya siku hiyo, hata kama kadi yenyewe ilichapishwa miaka kadhaa baadaye. Sehemu ya jumba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo kadi hizi si pambo tu, ni ushahidi wa jinsi lilivyokuwa.

Stempu nayo husema. Stempu yenye majina ya Kenya na Uganda peke yake ni ya kati ya 1922 na 1935. Ukiona na Tanganyika imeongezwa, ni ya 1935 na kuendelea. Ndiyo maana naumia nikiona kadi iliyobanduliwa stempu na mtu anayekusanya stempu. Muhuri wa posta umekwenda, tarehe imekwenda, na mji ilikotumwa kadi umekwenda.

Sasa watu. Chini ya picha utasoma, kwa Kiingereza au Kijerumani, "mwanamke wa Kiswahili", "Mwarabu", "mchukuzi". Jina hakuna. Tukumbuke kuwa utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baadhi ya waliosimama mbele ya kamera miaka hiyo walikuwa watumwa au wametoka utumwani jana, na sidhani kila mmoja wao aliulizwa kama anataka sura yake iuzwe kwa abiria wa meli. Wengine walikuwa watu wa heshima zao. Kadi haitofautishi.

Huku Isiolo hali ilikuwa nyingine. Sheria ya mwaka 1902 ya maeneo ya mbali iliifunga Kaskazini, na mgeni hakuingia bila kibali. Wapiga picha wa biashara hawakuwa na sababu ya kuhangaika. Kadi za watu wa Kaskazini zilikuja baadaye kupitia studio za Nairobi kama Pegas na Sapra, nazo ni za Msamburu na mkuki wake, au wasichana na shanga zao. Mji wenyewe, maduka ya Wasomali, msikiti, wafugaji sokoni, hauonekani mara nyingi. Baada ya uhuru kukaja vita vya shifta na hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Watalii walipelekwa kwenye hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kadi zikawa za twiga na punda milia.

Simba Elsa, aliyelelewa hapa Isiolo na akina Adamson kuanzia 1956, anajulikana kwa jina dunia nzima. Mzee wa Kiborana aliyepigwa picha zama hizo hizo ni "mwenyeji wa Kaskazini" tu.

Kuna kadi ambazo mimi sinunui wala sipokei bure, nazo ni zile za wasichana walio vifua wazi. Najua wakusanyaji watasema ni historia. Ni historia, lakini yule ni bibi wa mtu, na mjukuu wake huenda ni jirani yangu hapa Bulapesa.

Kwa zilizobaki, tusizifiche. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na nyingi zinaonekana mtandaoni. Kaa na mzee wako mzipitie. Akimtambua mtu au mtaa, andika jina, tarehe uliyoambiwa na nani kakwambia, kwenye karatasi ya pembeni. Usiandike juu ya kadi, na kama ni lazima tumia penseli.

Kadi usiigandishe kwa gundi wala selotepu. Piga nakala ya pande zote mbili. Pwani adui ni unyevu wa chumvi, kwa hiyo usiweke kasha ukutani mwa nje. Huku kwetu ni vumbi na mchwa, basi inua kasha kutoka sakafuni.