Ushuru Sufuri na Ule Unaoitwa Msamaha

Tarehe 18 Juni 2024, Kuria Kimani, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha katika Bunge la Kitaifa, alitangaza mapendekezo ambayo kamati yake ilikuwa imekubali kuyaondoa katika Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mawili kati yake yaliwagusa watu wa Bungoma na Kitale mezani na mfukoni: VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida, na VAT kwa usafirishaji wa miwa kutoka shambani hadi kiwandani. Wiki moja baadaye wabunge 195 waliupitisha mswada huo dhidi ya 106 walioukataa, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia sahihi.

Historia hiyo inajulikana. Kilichobaki hadi leo, kwenye stendi za matatu za Kitale na katika soko la Chwele, ni swali linaloulizwa kwa sauti ya kulalamika: kama VAT iliondolewa kwenye mkate, mbona bei haikushuka? Swali hili ni la haki na linastahili jibu la moja kwa moja. Bei haikushuka kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Mkate ulikuwa unatozwa asilimia sufuri, mswada ukataka kuupandisha hadi 16, kamati ikakataa, nao ukabaki sufuri. Kilichoondolewa ni pendekezo.

Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza. Sheria ya VAT ya 2013 ina namna mbili za bidhaa kuuzwa bila mnunuzi kuona VAT kwenye risiti. Ya kwanza kwa Kiingereza huitwa zero-rated, ya pili exempt. Katika taarifa nyingi za Kiswahili zote mbili huishia kuwa “bidhaa zisizotozwa ushuru”, na msomaji au msikilizaji hupita akidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kwa mtu wa Bungoma mwenye trela la miwa, au mwokaji wa mikate mjini Kitale, tofauti kati ya maneno hayo mawili ni pesa anazozipoteza au kuzipata kila mwezi.

Nianze na neno la jumla. Sisi wa Kenya tunasema ushuru. Watanzania husema kodi, na VAT kwao ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwetu kodi kwanza ni ile ya nyumba, anayoifuata mwenye ploti kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nitasema ushuru, na VAT nitaiacha ilivyo kwa kuwa hata mama mboga huiita hivyo. Kinachohitaji kueleweka ni jinsi inavyotembea. Kila mfanyabiashara aliyesajiliwa, yaani mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni tano kwa mwaka, humtoza mteja VAT anapouza, na hulipa VAT anaponunua. Mwisho wa mwezi huiwasilisha kwa KRA, mamlaka ya ushuru, tofauti ya hizo mbili. Alicholipa wakati wa kununua hukitoa kwanza. Ndiyo maana ushuru huu haukusudiwi kukaa kwa mwokaji wala kwa msafirishaji: hupita mikononi mwao hadi kwa mlaji.

Sasa tumchukue mwokaji aliyesajiliwa ambaye kwa mwezi mmoja ananunua umeme, karatasi za kufungia, dizeli na vipuri vya thamani ya shilingi 100,000. Juu yake analipa VAT ya 16,000. Unga wa ngano hauna shida, maana nao uko kwenye sufuri. Mkate ukiwa unatozwa asilimia 16, ule wa shilingi 65 unakuwa 75 na senti, naye anazitoa zile 16,000 zake katika hesabu ya mwezi. Mkate ukiwa kwenye asilimia sufuri, anauza kwa 65 bila kuongeza chochote, na bado ana haki ya kuidai KRA imrudishie 16,000. Sufuri ni kiwango kamili cha ushuru, kama 16 ilivyo kiwango, na anayeuza kwa sufuri bado yumo ndani ya mfumo pamoja na haki zake zote.

Mkate ukihamishwa kwenye kundi la pili, la exempt, risiti itaonekana vilevile: hakuna VAT. Ila mwokaji ameshatolewa nje ya mfumo. Hawezi kudai chochote. Zile 16,000 zimekwama kwake, na kwa kuwa hafanyi biashara ili apate hasara, atazitafutia mahali kwenye bei. Akioka mikate 16,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi moja kwa kila mkate. Mteja atailipa bila kuiona kwenye risiti yoyote, na akiuliza ataambiwa kwamba mkate hautozwi ushuru.

Nchi moja iliyobishana juu ya jambo hili hadi chini kabisa ni Australia. Mwaka 1993 chama cha Liberal, kikiongozwa na John Hewson, kiliingia kwenye uchaguzi kikiahidi ushuru wa aina hii wa asilimia 15, ambao wao huuita GST. Siku chache kabla ya kura, mtangazaji Mike Willesee alimwuliza Hewson kwenye televisheni: mtu akinunua keki ya kusherehekea siku ya kuzaliwa, itapanda bei au itashuka? Hewson, mwanauchumi aliyebobea, alijibu kwa kuichambua keki, kama ina krimu ya kupambia au haina, kama kuna mishumaa au hakuna. Huenda kila alichosema kilikuwa sahihi. Watazamaji walibaki na picha ya mtu asiyeweza kusema bei ya keki, na Paul Keating wa chama cha Labor akashinda uchaguzi ambao wengi walidhani ameupoteza.

John Howard aliurudisha ushuru huo kwa wapiga kura mwaka 1998, safari hii kwa asilimia 10, akashinda. Ili upite katika Seneti alihitaji kura za chama kidogo cha Democrats, na kiongozi wao, Meg Lees, alidai vyakula vya msingi vitolewe. Ulipoanza tarehe 1 Julai 2000, mkate wa kawaida ulikuwa umeepushwa nao. Keki inatozwa hadi leo.

Kinachonivutia zaidi kule ni jinsi walivyoyapa makundi majina ndani ya sheria yao ya 1999. Kundi la sufuri waliliita kwa maneno yenye maana ya “huru na GST”. Kundi lile jingine, ambalo duniani kote huitwa exempt, hawakuliita la msamaha. Waliliita input taxed, yaani lililotozwa ushuru kwenye pembejeo. Jina lenyewe linamwambia mwananchi mahali ushuru ulipojificha. Pango la nyumba za kuishi liko humo, kama lilivyo humo kwetu: mpangaji haoni VAT, lakini mwenye nyumba aliilipa kwenye saruji na mabati, na haikurudi.

Nimeitaja Australia kwa sababu Kiswahili kingali na nafasi ya kufanya uchaguzi kama huo, na neno lililo karibu kutushinda ni “msamaha”. Watanzania wana bidhaa zilizosamehewa kodi, na istilahi hiyo imekwisha zoeleka kwao. Kwetu inaleta matatizo mawili. La kwanza, Kenya kati ya 2023 na 2025 msamaha wa ushuru ulimaanisha jambo jingine kabisa: mpango wa KRA wa kuwafutia walipa ushuru adhabu na riba za madeni ya zamani wakilipa deni lenyewe. La pili ni zito zaidi. Msamaha ni neno jema. Aliyesamehewa ameondolewa mzigo, na anayesikia kwamba miwa yake imesamehewa atashukuru. Mwaka 2025 neno jema kama hilo lingeweza kumwumiza.

Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuwa na pendekezo la kuuhamisha usafirishaji wa miwa kutoka kundi la sufuri hadi kundi la exempt. Haukutaja 16. Kwa hiyo kelele za 2024 juu ya ushuru huo hazikurudi, na mtu aliyeusoma haraka angeweza kudhani ni nafuu. Fuata njia ya pesa. Mwenye matrela ananunua magurudumu, dizeli na vipuri, vyote vikiwa na VAT ya asilimia 16. Dizeli ilipandishwa kutoka 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Akiwa kwenye sufuri anarudishiwa VAT hiyo. Akiwa kwenye exempt inabaki kwake, naye huongeza nauli ya kila tani. Na mkulima wa miwa anajua nauli hiyo hutoka wapi: hukatwa kwenye malipo yake kabla hajayashika, pamoja na mbolea na gharama za kuvuna. Hawezi kuidai KRA, kwa sababu miwa isiyosindikwa nayo iko nje ya VAT.

Serikali ilikuwa na sababu, na si ya kupuuzwa. Kila bidhaa ya sufuri inazaa madai ya kurejeshewa ushuru. Madai hayo yamekuwa makubwa, mengine hukaa muda mrefu bila kulipwa, na mengine huwa ya udanganyifu. Kuihamisha bidhaa kwenye kundi la pili kunafunga mlango wa madai. Mtu anaweza kuiunga mkono hoja hiyo kwa moyo safi. Ninachokataa ni kuiunga mkono au kuipinga kwa jina linalomficha mkulima nani atakayelipa.

Kuna wanaosema mwananchi wa kawaida hana haja na undani huu, kwamba kwake siasa ni watu kama Wetang'ula na Natembeya, vyama kama Ford Kenya na DAP-K, nani yuko serikalini na nani anaipinga. Sikubaliani nao. Ni kweli mjadala mwingi hapa huanza na bei ya unga na kuishia kwa majina ya watu, lakini huenda kwenye majina kwa sababu maneno ya sheria hayapo kwa lugha ya wanaojadiliana. Katiba, kwenye kifungu cha 210, inasema hakuna ushuru utakaowekwa, kuondolewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi. Miswada ya fedha huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2024 vijana waliifanya kazi ya kuutafsiri mswada wenyewe, mtandaoni, kwa lugha mbalimbali, na watu wakabishana juu ya vifungu kwa namba zake.

Pendekezo langu basi ni hili. Zero-rated tuiite ushuru sufuri, na bidhaa zake ziwe bidhaa za ushuru sufuri. Ni jina fupi, linasemeka redioni, na linaonyesha kwamba kiwango kipo. Exempt tuiite nje ya VAT, na mara ya kwanza katika kila taarifa tuongeze maneno mawili: bila marejesho. “Usafirishaji wa miwa kutoka ushuru sufuri hadi nje ya VAT, bila marejesho.” Sentensi hiyo mkulima wa miwa wa Nzoia hahitaji kufafanuliwa na mtu. “Msamaha wa ushuru” tuuache kwa adhabu na riba.

Lipo jambo moja ambalo istilahi hizi zitaliweka wazi upesi kwa watu wa Kitale. Unga wa mahindi uko kwenye ushuru sufuri, kwa hiyo msagaji mkubwa hurejeshewa VAT ya umeme na magunia. Mahindi yenyewe, yakitoka shambani Trans Nzoia, yako nje ya VAT, bila marejesho. Mkulima anayelima ekari kumi kwa trekta la kukodi analipia ndani ya malipo ya trekta hilo ushuru wa dizeli, na unakomea kwake. Mwenye posho mill kijijini, ambaye mauzo yake hayafiki milioni tano, hajasajiliwa. Unga anaousaga ni wa ushuru sufuri kwa sheria, lakini VAT ya umeme wake hairudi, sawa na ya mkulima.