Ulevi Mweupe wa St. Anton

Kila mwaka mwezi wa nne, msimu wa kuteleza kwenye theluji ukielekea kuisha, watu 555 hujipanga mlimani juu ya mji wa St. Anton, Austria, halafu wanaachiliwa pamoja. Wote. Kilomita 9 hadi mjini. Katikati kuna mwinuko ambao lazima uupande kwa nguvu zako. Wenyewe wameubatiza Maumivu. Theluji ya wakati huo usiku huganda kama jiwe, mchana jua likiipiga inakuwa uji, kwa hivyo watu wanaanguka, wanacheka, wanaamka.

Mbio hizo zinaitwa Der Weiße Rausch, yaani ulevi mweupe. Jina ni la filamu ya 1931, ambayo niliitazama kwa simu usiku mmoja. Kusema kweli hadithi ni nyepesi: kundi zima linamkimbiza jamaa mlimani kama mbweha. Jamaa mwenyewe ni Hannes Schneider, mwalimu aliyeupa mji huo jina duniani. Anayeigiza naye ni Leni Riefenstahl.

Nilicheka sana, hadi nilipotafuta kilichowapata baadaye. Machi 1938 Wanazi waliitwaa Austria, Schneider akakamatwa papo hapo. Riefenstahl, kwa upande wake, alikuwa ashamtengenezea Hitler filamu. Schneider aliachiliwa, ila kwake hakuruhusiwa kurudi. 1939 akahamia North Conway, Marekani, akaanza kufundisha upya. Alifia huko 1955.

Siku hizi nikiona video za hao 555 wakimiminika kama nyuki, macho yangu humtafuta aliye mbele.