Hadithi za Kiangazi

Mkwe wangu anapopika huegemeza simu kwenye kopo la chumvi, karibu na jiko la mkaa, na macho yake hayabanduki hapo. Anasoma hadithi ya mapenzi ambayo yeye na wenzake hutumiana kipande kwa kipande, leo sehemu ya kumi na moja, kesho ya kumi na mbili. Juzi nilimkumbusha kwamba wali unanukia vibaya. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Samahani baba, nimalize hapa tu, mwenzetu ameshapandishwa kizimbani." Wali uliungua. Tuliula hivyo hivyo, naye akatusimulia kesi ilivyokwenda.

Ana watoto wanne, anauza vitumbua alfajiri, na masika analima mpunga. Muda wake wa kusoma ni huo wa kungoja sufuria ichemke. Mwanangu hulalamika kwamba mkewe anapoteza wakati kwa mambo ya uongo. Mimi sisemi neno. Ninayo sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo ina umri wa miaka hamsini.

Huku kwetu Mpanda mvua hukatika kuelekea mwezi wa Mei, na kiangazi hudumu mpaka mawingu ya Novemba. Wanaume husema huo ndio wakati wa mapumziko. Ni kweli, kwa wanaume. Akina mama hubaki na mpunga wa kutwanga, tumbaku ya kuchambua, visima vinavyokauka hata ikabidi maji yafuatwe mbali zaidi, na harusi za kila Jumamosi zinazotaka wapishi. Hata hivyo jembe limelala, na jioni hupatikana nafasi ndogo ambayo masika haipo. Nafasi hiyo ndiyo Serikali iliyoiomba kwa ajili ya kisomo.

Vijana wa leo hawajui ukubwa wa jambo lile. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kati ya watu wazima mia moja, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaazimia ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, kwenye maghala, makanisani, misikitini na katika ofisi za chama. Waliofundisha walikuwa walimu wa shule za msingi kama mimi, na hata wanafunzi waliomaliza darasa la saba. Katika madarasa mengi wanawake ndio waliokuwa wengi, baadhi wakiwa na watoto mgongoni.

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1973 nikiwa na miaka 22, nikapangiwa kijiji kimoja kisichokuwa mbali na reli ya Kaliua. Reli hiyo ililetwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni ikabaki kuwa njia yetu ya kuufikia ulimwengu. Mwaka 1974 Mpanda iliondolewa Tabora na kuingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka huo huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini. (Mkoa wa Katavi haukuwapo hata katika ndoto, ulikuja mwaka 2012, nikiwa nimekwisha kustaafu.) Asubuhi nilifundisha watoto, na jioni, mara tatu kwa juma, nilifundisha mama zao.

Mfumo wetu uliitwa Kisomo Chenye Manufaa. Jina hilo lina maana yake. Vitabu vya kwanza viliandikwa kufuatana na kazi za watu: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe, mapishi bora. Mtu alijifunza silabi na papo hapo akajifunza kupanda kwa mistari. Sikulicheka wazo lile wakati ule, na silicheki sasa. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kusoma, na vyoo vilivyochimbwa msimu ule niliviona kwa macho yangu. Watoto waliokoka kwa sababu mama zao walijifunza kuchemsha maji.

Lakini fikiria, msomaji wangu, mama aliyeamka saa kumi usiku, akatwanga, akachota maji, akalisha watu tisa, kisha saa kumi na moja jioni akaja kukaa chini ya mwembe. Anafungua kitabu. Kitabu kinamwambia nini? Kinamwambia apalilie mapema. Tulikuwa tumemfungulia mlango wa kusoma, na nyuma ya mlango akakuta jembe lile lile alilolitupa kibarazani.

Wala mama huyo hakuwa mgeni wa hadithi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe wa hadithi. Usiku alisimulia habari za sungura na fisi, za mabinti walioolewa na majitu, na watoto waliitikia mpaka usingizi ukawachukua. Alijua kukata hadithi mahali patamu ili kesho wafanye kazi bila kusukumwa. Katika darasa langu elimu hiyo haikuwa na hatua yoyote katika mtihani.

Vitabu vya kujifurahisha vilikuwapo, tena kwa Kiswahili safi. Tangu 1923 gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapisha hadithi pamoja na habari za Serikali. Tulikuwa na Abunuwasi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka mwaka 1960, na watu wakampenda mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko chake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na mpelelezi wake, Wingo. Baadaye wakaja Eddie Ganzel, Elvis Musiba na Hammie Rajab. Vitabu hivi vilisafiri kwa treni, mifukoni mwa vijana wa reli na wafanyabiashara, vikafika Mpanda bila majalada.

Sisi walimu tuliviita vitabu vya ovyo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba fasihi huelimisha, na kama haielimishi basi hupumbaza. Hatukuwa peke yetu. Mwaka 1976 Serikali ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya, vilivyokuwa vikiuzwa kama karanga huko Nairobi, na sikumbuki kumsikia mwalimu hata mmoja akisikitika. Huko Uingereza nako wakubwa wa elimu walidharau vitabu vya mapenzi vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, lakini wake wa wafanyakazi waliviazima kwa senti chache katika maktaba za mitaani, na biashara ikastawi bila kuwauliza wakubwa. Kwetu wakubwa walikuwa sisi, na maktaba ya mtaani haikuwapo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kiangazi cha 1975 nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa watoto saba, ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Alianza akiwa hawezi kushika kalamu. Kufikia mwezi wa Juni nilimwona akisoma kwa kidole, midomo ikicheza, kitabu cha kilimo kimefunguliwa mapajani, na uso wake una jambo. Mara anafunika mdomo kwa kanga. Mara anasahau kumnyonyesha mtoto. Nilijipongeza. Nilimwandikia hata mratibu kwamba mbinu zetu zinafaulu, kwamba kuna mama anasoma habari za mbolea kwa furaha ya ajabu.

Siku moja nilipita nyuma yake. Ndani ya kitabu cha kilimo kulikuwa na Simu ya Kifo, bila jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Mwanawe aliyekuwa kibarua wa reli alimletea kutoka Tabora. Alikuwa akisoma ukurasa mmoja kwa jioni moja, na alikuwa ameshapita katikati.

Nilikichukua mbele ya wenzake. Nilisema, "Mama, Taifa halikununua chaki ili watu wasome habari za mauaji." Nilikuwa kijana, na sentensi ile niliipenda. Yeye hakukasirika. Alinitazama akasema, "Sawa, mwalimu. Basi niambie tu aliyeua."

Darasa zima lilicheka. Nami, kwa kuogopa kwamba wananicheka mimi, nikamjibu, "Utamjua ukifika hatua ya nne."

Alikuja jioni mbili zaidi. Alikaa na kitabu cha kilimo, hakufungua. Baada ya hapo hakuonekana. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa Taifa, watu zaidi ya milioni tatu wakaufanya nchi nzima, na kijiji chetu kikatajwa vizuri wilayani. Kwenye rejista, mbele ya jina la mama yule, niliandika "mtoro". Mwanamke wa watoto saba, ambaye hakuna siku aliyokimbia kazi, nilimwita mtoro.

Lakini sijasema yote. Usiku ule ule niliomnyang'anya kitabu nilikisoma mimi. Nilikianza ili nijue ubaya wake, nikakimaliza jogoo wakiwika, mafuta ya taa yakiwa yamekwisha na nikiwa nimesogelea dirisha ili nione. Asubuhi nilikiweka kabatini, nyuma ya maboksi ya chaki. Nilipohamishwa nilikwenda nacho. Kila mara nilijiambia nitakirudisha, na kila mara niliona haya. Mwishowe mchwa walikimaliza, katika nyumba ya tatu niliyopangiwa.

Takwimu za Taifa ziliendelea kupendeza. Wasiojua kusoma walishuka wakawa asilimia 39 mwaka 1975, kisha 27 mwaka 1977, kisha 15 mwaka 1983, na mwaka 1986 tukatangaza asilimia 9.6. Dunia ilitusifu, na sifa hizo zilikuwa haki yetu. Ila ukishafaulu mtihani unahitaji kitu cha kusoma. Vilianzishwa vyumba vya maktaba vijijini, na nilivisimamia viwili. Kabatini mlikuwa na hotuba, mbolea, ushirika na uzazi bora. Baada ya vita vya Uganda vya 1979 nchi ilikosa hata sabuni, sembuse karatasi. Vitabu vilichakaa bila kubadilishwa, na watu wakaacha kuja. Sensa za baadaye zilionyesha kwamba idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imepanda tena. Wataalamu wametaja uchumi, upungufu wa walimu, posho za wafundishaji zilizokatwa. Yote ni kweli. Mimi naongeza moja ambalo sijaliona katika taarifa zao: kwamba hatukumpa mama kitu ambacho angekitafuta mwenyewe usiku, bila kusukumwa.

Nasema hivyo kwa sababu niliwaona wachache walioendelea. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Darasani aliishia la nne, lakini hakuacha kusoma hata siku moja, na hakusoma habari za mbolea. Alisoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa, yule mwandishi aliyetoka Kigoma. Alimsoma Zainab Burhani, Mali ya Maskini, mpaka kikashonwa kwa uzi wa gunia. Kiangazi, baada ya kuvuna, kitabu kimoja kilizunguka kwa wanawake kumi na zaidi, kikarudi na harufu ya moshi na alama za vidole vyenye mafuta. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Nilijifanya sioni.

Mwaka 1988 nilikuwa sokoni Mpanda mjini nikamsikia mtu akiniita, "Mwalimu! Shikamoo mwalimu." Niligeuka, na aliyeniamkia alikuwa yule mama. Nilimwambia, "Hapana mama, shikamoo mimi." Alikuwa amezeeka, meno ya mbele hayapo. Tuliulizana habari za watoto. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa barua ya mwanawe, yule wa reli, akaniomba nimsomee. "Macho yangu si mazuri siku hizi," alisema. Nilimsomea. Kijana alikuwa mzima, alikuwa anajenga, aliomba mama asiuze mbuzi mwekundu.

Aliipokea barua, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, "Na yule mwalimu, aliyeua alikuwa nani?"

Nilimwambia. Nilimweleza na sababu, na jinsi Wingo alivyomgundua, pale pale katikati ya mafungu ya dagaa, watu wakitupita.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nilimshuku," alisema. "Nilimshuku tangu mwanzo." Akaifunga barua katika pindo la kanga, akainama kuuliza bei ya fungu.