Mzigo Unaohama: Historia ya Kasi ya Ramani za Mtandaoni

Ramani inayofunguliwa katika kivinjari haiji ikiwa tayari. Taarifa za barabara, mito, viwanja na mipaka huhifadhiwa kama koordineti, yaani namba zinazobainisha mahali pa kila kitu juu ya uso wa dunia, na namba hizo hazina budi kutafutwa, kuchujwa na kuchorwa kabla msomaji hajaona hata mstari mmoja. Kwa sababu hiyo, historia ya jitihada za kuharakisha ramani hizo na kuziwezesha kuhudumia umati bila kuelemewa ni, kwa kiini chake, historia ya swali moja: kazi ya kuchora ifanywe na nani, na ifanywe lini?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ifanywe na seva, yaani kompyuta inayotoa huduma, tena wakati ule ule ombi linapofika. Ndivyo ulivyofanya kazi mfumo ambao Steve Putz aliufungua mwaka 1993 katika maabara ya Xerox PARC huko California: kila msomaji alipobofya ili kusogeza au kukuza ramani, programu iliamshwa, ikachora picha mpya na kuituma pamoja na ukurasa mzima. Tovuti ya MapQuest, iliyofunguliwa mwaka 1996, iliupeleka utaratibu wa namna hiyo kwa umma mpana, na hapo udhaifu wake ukawa dhahiri, kwa kuwa mtu wa pili aliyeomba eneo lile lile alichorewa upya, na gharama ya mitambo ilipanda sambamba na idadi ya wasomaji.

Juni 1998, Microsoft ilizindua TerraServer, mradi ulioongozwa na watafiti Jim Gray na Tom Barclay, kwa kusudi la kuthibitisha kwamba hifadhidata ya kawaida ya kibiashara ingeweza kubeba terabaiti nzima ya picha za angani na za setilaiti. Picha hizo zilikatwa mapema kuwa vigae, yaani vipande vidogo vilivyopangwa katika ngazi za ukubwa mbalimbali, na kila kigae kikapewa anwani yake. Seva haikuhitaji tena kuchora. Ilitafuta anwani, ikachukua kigae na kukituma.

Hata hivyo, ofisi nyingi zilifuata njia nyingine kwa muda. Mwaka 2000, Open Geospatial Consortium, muungano wa taasisi na kampuni ulioundwa mwaka 1994, ulitoa kiwango cha WMS, ambacho ni kanuni za pamoja za kuomba ramani kutoka katika seva yoyote inayozifuata. Kiwango hicho kilizipa wizara, manispaa na mashirika ya maji na umeme uwezo wa kubadilishana ramani bila kufungwa na programu ya kampuni moja, lakini uhuru huo ulikuwa na gharama: kwa vile mwombaji alijichagulia mipaka, vipimo na mtindo wa picha, maombi mawili hayakulingana isipokuwa kwa nadra, na kwa kawaida picha iliyokwisha kuchorwa haikumfaa mtu mwingine.

Google Maps, iliyofunguliwa Februari 2005, ilirudi kwenye vigae na kuvifanya kuwa kawaida ya dunia nzima. Kigae cha kawaida kilikuja kuwa na pikseli 256 kwa 256, na kivinjari kiliviomba vigae chinichini bila kupakia ukurasa upya. Kwa kuwa anwani hazikubadilika, kigae kilichochukuliwa mara moja kingeweza kuwekwa akiba katika kivinjari chenyewe au katika seva zilizo njiani, kikawafaa wengi. Faida hiyo ilionekana Kenya mapema mwaka 2008, pale kikundi kidogo kilipoanzisha tovuti ya Ushahidi ndani ya siku chache ili kuonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi: ramani ya msingi ilitoka Google, na kikundi kikabaki na kazi ya kukusanya na kuonyesha taarifa zenyewe.

Kwa mashirika, vigae vilileta matatizo mapya mawili. La kwanza ni wingi, kwa maana idadi ya vigae huongezeka mara nne katika kila ngazi ya ukuzaji: ngazi ya 10 ina vigae 1,048,576, na ngazi ya 18 ina zaidi ya bilioni 68, ambavyo vingi hufunika bahari na jangwa na havitaombwa kamwe. La pili ni uchakavu, kwa sababu kigae kilichochorwa jana hakijui kwamba bomba limehamishwa leo. Suluhisho lililokomaa lilikuwa kugawa ramani: tabaka la msingi, lisilobadilika mara kwa mara, likawekwa akiba, na tabaka la kazi, lenye taarifa zinazobadilika, likachorwa papo kwa papo kutoka katika hifadhidata yenye faharasa ya kijiografia, mbinu inayotegemea miti ya utafutaji kama ile aliyoieleza mtafiti Antonin Guttman mwaka 1984. Mwaka 2010 kiwango cha WMTS kikaingiza vigae katika kanuni rasmi za pamoja.

Baadaye mzigo ukahama tena. Vigae vya vekta hubeba maumbo yenyewe badala ya picha, na uchoraji hufanywa na kifaa cha msomaji. Google ilizitumia mbinu za namna hiyo katika simu za Android mwishoni mwa 2010. Seva ilipumua, lakini simu dhaifu ikabebeshwa kazi iliyokuwa ya seva.

Katika hatua hizi zote kazi haikutoweka. Ilihamishwa kutoka wakati mmoja hadi mwingine na kutoka mashine moja hadi nyingine. Ndiyo maana taasisi inayoongeza seva kabla ya kubaini ni taarifa zipi hubadilika kila saa, zipi hubadilika kila mwaka, na ni kifaa gani kilicho mikononi mwa wasomaji wake, hununua nguvu ya kurudia kazi ambayo ingetosha kufanywa mara moja.