Kizunguzungu cha Ukomo wa Hedhi: Swali Lisiloulizwa Zahanati

Mwanamke wa miaka arobaini na kitu akifika zahanati akilalamika kizunguzungu, jambo la kwanza ni kufungwa mkanda wa kupimia presha, na ni haki kabisa iwe hivyo. Kipimo kikipanda kidogo, ataambiwa ana presha. Kikishuka kidogo, ana presha ya kushuka. Kikiwa sawa, atapimwa malaria na sukari, na navyo vikitoka safi ataambiwa apunguze mawazo. Katika mlolongo huo mara nyingi hakuna anayemuuliza: mama, hedhi yako siku hizi inakujaje, na ya mwisho uliipata lini? Nashikilia kwamba swali hilo lazima liulizwe mwanzoni kabisa. Sisemi kwamba homoni ndizo chanzo cha kila kizunguzungu cha umri huo, sivyo. Ninachosema ni kwamba jibu lake hubadilisha namna ya kusoma kila kipimo kinachofuata, na bila jibu hilo tunapima gizani.

Wataalamu wenyewe hawajawahi kukubaliana iwapo kizunguzungu ni dalili ya ukomo wa hedhi. Kipimo cha Kupperman, kilichotoka Marekani mwaka 1953, kilikuwa na dalili 11, na kizunguzungu kilikuwa mojawapo. Kipimo kilichotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1990, ambacho leo kinatumika nchi nyingi, nacho kina maswali 11, lakini kizunguzungu hakimo katika hata moja. Kile cha Greene chenye dalili 21 kinakitaja pamoja na hali ya kutaka kuzirai. Kutofautiana huku kuna sababu. Joto la ghafla na jasho la usiku hufuata mabadiliko ya homoni kwa karibu sana. Kizunguzungu kina vyanzo vingi mno kuweza kufuata mstari mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wanawake 471 wa miaka 40 hadi 65 waliohudhuria kliniki ya ukomo wa hedhi jijini Tokyo ulikuta zaidi ya theluthi yao wanapata kizunguzungu angalau mara moja kwa wiki, na hali iliyoambatana nacho waziwazi ilikuwa wasiwasi. Hao ni wanawake waliokwisha kwenda kutafuta tiba, kwa hiyo takwimu hiyo haituambii hali ya wanawake wote mitaani. Wala haithibitishi kwamba homoni ndizo zinazokileta, au kwamba yote ni wasiwasi tu. Inatuonyesha kwamba lalamiko hili ni la kawaida katika umri huo, na kwamba limefungamana na mambo mengine.

Mafungamano hayo yanaeleweka mtu akifuatilia mwili unavyofanya kazi. Katika miaka inayotangulia kukoma kwa hedhi, homoni ya estrojeni haishuki taratibu kama wengi wanavyodhani. Hupanda na kushuka bila mpangilio, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huanza kushtuka kwa badiliko dogo tu. Hapo mishipa ya damu ya ngozini hufunguka, moyo huenda mbio, jasho humtoka mwanamke usoni na kifuani, na baada ya dakika chache huanza kusikia baridi. Hali hiyo ikimkuta amesimama, iwe jikoni au kwenye foleni ya benki, kichwa kinaweza kuwa chepesi hadi atafute pa kushika. Ikija usiku mara kwa mara, humkosesha usingizi, na mtu asiyelala huamka anayumba. Moyo kwenda mbio bila sababu humtia hofu, na mwenye hofu hupumua harakaharaka. Kwa kupumua hivyo hupoteza hewa ya kaboni kupita kiasi, mishipa ya ubongo hubana, naye huhisi ganzi vidoleni na kuzunguka mdomo, pamoja na kizunguzungu. Kipandauso nacho hupenda kuchachamaa katika kipindi hiki, na kipo cha aina ambayo humzungusha mtu hata bila kumuuma kichwa.

Njia nyingine hupitia sikio la ndani. Humo mna chembechembe ndogo za kalisi zinazousaidia mwili kujua umeelekea wapi. Zikibanduka na kuingia kwenye mifereji ya sikio, mtu akigeuka kitandani au akitazama juu dunia humzunguka kwa sekunde kadhaa, kisha hutulia. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa kuanzia miaka ya hamsini, na umehusishwa na mifupa kupungua uimara na upungufu wa vitamini D, mambo yanayoandamana na kushuka kwa estrojeni. Majaribio ya Korea Kusini yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kuwapa vitamini D na kalisi wagonjwa waliopungukiwa na vitamini hiyo kulipunguza kujirudia kwa ugonjwa kwa takribani robo.

Kwa mazingira yetu, hata hivyo, njia ninayoiona nzito kuliko zote ni damu. Hedhi inapoanza kuvurugika, wanawake wengi hawaanzi kwa kuikosa. Huanza kwa kuipata nyingi kupita kiasi, ya siku nane, ya siku kumi, yenye mabonge, na mwenye uvimbe kwenye kizazi huumia zaidi. Miezi ikipita hivyo, madini ya chuma huisha mwilini, wingi wa damu hushuka, na mwanamke hupata kizunguzungu, kuchoka na moyo kwenda mbio. Mwanamke huyu anaweza kuondoka na vidonge vya presha au dripu ya maji wakati anahitaji kupimwa wingi wa damu na kuchunguzwa kizazi. Mwenyewe hatasema. Atasemaje, na aliyekaa mbele yake ni kijana wa umri wa mwanawe, mlango uko wazi na watu wamejaa kwenye benchi? Hili ni jambo la kuulizwa, kwa heshima na kwa sauti ya chini.

Pingamizi kubwa ninalolisikia kwa madaktari ni la hatari: tukianza kusema homoni, tutakosa kiharusi na magonjwa ya moyo. Woga huo una msingi. Kizunguzungu kinachomshukia mtu ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kutembea, ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, awe na miaka 30 au 70. Vivyo hivyo chenye maumivu ya kifua au kuzirai. Lakini kuuliza hedhi hakufuti kipimo hata kimoja. Kunaviongezea vipimo maana. Presha yenyewe inafaa ipimwe mgonjwa akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, tumepata chanzo, na huenda ni vidonge vyenyewe vya presha alivyopewa mwezi uliopita. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili zinazoeleweka, hata vipimo vya homoni havihitajiki ili kuutambua ukomo wa hedhi. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2015 unasema hivyo bayana.

Wengine hupinga kwa jina la mila: bibi zetu walikoma hedhi bila kelele, na haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba dalili hutofautiana kwa mahali. Mwanaanthropolojia Margaret Lock alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba wanawake wa Japani waliripoti joto la ghafla kwa kiwango cha chini sana kuliko wa Marekani Kaskazini. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1996 ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake wenye dalili za joto na jasho, muda wa kati ulikuwa miaka 7.4, na kwa wenye asili ya Afrika miaka 10.1. Hao si wanawake wa Tanga wala Kisumu, na sidai wafanane; wanatosha tu kuvunja dai kwamba jambo hili ni la Wazungu. Kuhusu bibi zetu, ukimya wao si ushahidi, kwa sababu hatukuwauliza. Hata sasa, tafiti za kitaifa za demografia na afya za mwaka 2022, Tanzania na Kenya, zilihoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Akitimiza 50, mwanamke anatoka kwenye hesabu.

Limebaki la dawa. Wapo wanaohofu kwamba kuutaja ukomo wa hedhi ni kufungua mlango wa vidonge vya homoni na saratani. Hofu hiyo ilienea baada ya majaribio makubwa ya Marekani kusimamishwa mwaka 2002, yakiwa na wanawake 16,608 wa wastani wa miaka 63. Ongezeko la saratani ya matiti kwa waliotumia homoni mbili pamoja lilikuwa takribani wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Ni hatari ya kweli, ila si ile inayosimuliwa. Na homoni hutolewa hasa kwa ajili ya joto la ghafla, si kama tiba ya kizunguzungu chenyewe, kwa hiyo swali halimlazimishi mtu kuandikiwa dawa. Aliyepungukiwa damu atapewa madini ya chuma na kutibiwa kinachomtoa damu. Anayeyumba kwa kukosa usingizi atatibiwa jasho la usiku. Na anayezungukwa na dunia kila akigeukia kulia atalazwa chali, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, kisha atageuzwa kwa hatua kama alivyoeleza daktari John Epley mwaka 1992, hadi chembe zirudi zilikotoka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo inahitaji kitanda na muuguzi aliyefundishwa.