Probiotiki, pumzi ya mazoezi na uchovu

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Maana hiyo iliwekwa na wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani waliokutana Córdoba, Argentina, mwaka 2001. Vingi ni bakteria wa jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium, na huuzwa kama vidonge, unga au mtindi. Wanamichezo huambiwa kuwa vinaongeza pumzi na kuondoa uchovu. Dai hilo lina ukweli, ila ni mdogo kuliko unavyotangazwa.

Bakteria hawa hawaitii misuli nguvu moja kwa moja. Msaada wao hupitia tumboni. Mtu akikimbia muda mrefu, hasa kwenye joto, damu nyingi huenda kwenye misuli na ngozi, utumbo ukabaki na kidogo, na ukuta wake ukaanza kupitisha visivyostahili kupita. Mabaki ya bakteria yakiingia katika damu, kinga ya mwili huamka, kichefuchefu na kuharisha hufuata, na mkimbiaji huishiwa mapema. Probiotiki hudhaniwa kuukaza ukuta huo na kuituliza kinga.

Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2014 liliwapa wakimbiaji wanaume 10 mchanganyiko wa bakteria kwa wiki nne, kisha likawakimbiza katika chumba chenye nyuzi 35 za Selsiasi. Walidumu kwa wastani wa takriban dakika 38, dhidi ya 33 walipotumia vidonge bandia. Huko Taiwan, wanaume 16 walishiriki jaribio la wiki sita la bakteria aina ya Lactobacillus plantarum TWK10, na waliopewa bakteria hao walistahimili mbio kwa muda mrefu zaidi. Hayo ni makundi madogo mno kuweka kanuni.

Ushahidi ulio imara zaidi kidogo unahusu maradhi kuliko kasi. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2010, wakimbiaji 20 wa masafa marefu walitumia Lactobacillus fermentum: siku za dalili za mafua na kikohozi zilikuwa 30 kwa jumla, dhidi ya 72 walipotumia bandia, bila mabadiliko ya maana katika uwezo wao wa kukimbia. Wakimbiaji 141 wa marathoni nchini Finland walijaribu Lactobacillus rhamnosus GG kwa miezi mitatu. Idadi ya maambukizi haikupungua, lakini matatizo ya tumbo baada ya mbio yaliisha upesi. Kwa mwanamichezo hilo si dogo, maana asiyeugua hakosi mazoezi.

Afrika Mashariki, kisa kilicho karibu zaidi na suala la uchovu kinatoka Mwanza. Kuanzia mwaka 2004 wanawake wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walitengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Watafiti walipowalinganisha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiunywa na wasiounywa, wanywaji walisema wanaweza kufanya kazi saa nyingi zaidi kwa siku. Ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi kuwa bakteria ndio sababu. Mtindi wenyewe ni chakula, na mgonjwa aliyekula vizuri hupata nguvu. Hata hivyo, kupima uchovu kwa saa za kazi kunawahusu watu wengi kuliko kuupima kwa mbio za chumbani.

Kusini mwa nchi mambo ni tofauti. Kwa Mahurunga na vijiji vingine vya karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, tatizo la kwanza ni uhai wa bakteria wenyewe. Aina nyingi hufa taratibu kwenye joto na unyevu, na kidonge kilichokaa miezi kwenye rafu pasipo jokofu huenda kisiwe na bakteria hai wa kutosha. Ukanda huo pia haukuwa na desturi kubwa ya ufugaji wa ng'ombe, hivyo mtindi haupatikani kwa wepesi kama Kanda ya Ziwa.

Kinachojulikana zaidi kusini mwa Tanzania ni togwa: uji wa mahindi au mtama unaochachushwa kwa kimea, mara nyingi cha ulezi. Uchunguzi uliohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulikuta humo Lactobacillus plantarum na Lactobacillus fermentum, spishi zilezile za majaribio ya Taiwan na ya wakimbiaji wa masafa marefu. Lakini ndani ya spishi moja mna aina nyingi zenye tabia tofauti, hivyo matokeo ya kidonge hayawezi kuhamishiwa kwenye kata ya togwa. Togwa humpa mchezaji maji na wanga, navyo ni kinga ya uchovu iliyothibitika zaidi kuliko probiotiki yoyote. Tembo la mnazi nalo lina bakteria wa uchachu, lakini kileo chake hakimfai anayejiandaa kwa mchezo.

Watu wazima wenye afya kwa kawaida huvumilia probiotiki vizuri, ingawa baadhi hupata gesi tumboni siku za mwanzo. Mwenye kinga dhaifu au mgonjwa mahututi amuone daktari kwanza. Anayetaka kuzijaribu aanze angalau wiki mbili kabla ya mashindano, asome kwenye kopo jina kamili la aina ya bakteria na tarehe ya mwisho wa matumizi, na asinunue kopo lisilotaja aina hiyo.