Kiunzi cha Moduli cha Vioo Akisi

Kioo chenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.8 na unene wa milimita 6 kina uzito wa karibu kilo 65. Hesabu yake haina ugumu: mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita moja ina kilo 2.5. Watu wawili wenye nguvu wanaweza kukiinua kioo hicho. Hawawezi kukizuia kisijipinde mikononi mwao, na watapata taabu kubwa kukikatisha kona ya ngazi au kukishikilia ukutani huku fundi wa tatu akitoboa matundu. Kazi hizo hufanywa vizuri zaidi na kifaa ambacho bado hakijapata jina moja katika Kiswahili. Wengine hukiita fremu, wengine stendi, wengine huzungukazunguka kwa sentensi nzima. Napendekeza kiitwe kiunzi cha moduli cha vioo akisi, na makala hii inaeleza kwa nini kila neno katika jina hilo lina kazi yake.

Nianze na kitu chenyewe. Ni mifupa ya alumini au chuma inayokaa nyuma ya kioo na kukizunguka kingoni. Mihimili yake hukatwa kiwandani kwa vipimo vichache vinavyorudiwarudiwa, kisha huunganishwa kwa boliti kwenye pembe, hivyo fundi anaweza kuifungua, kuipakia na kuiunga upya bila kuchomelea. Chini kuna ukingo ulioinuka ambamo kioo hukalia vibao viwili vya raba, kila kimoja kikiwekwa robo ya upana wa kioo kutoka mwisho wake. Nyuma kuna ubao au povu gumu linalokiegemeza. Kioo kikishafungwa humo karakanani, hakiguswi tena na mkono wa mtu. Kinachoshikwa ni kiunzi. Kinachokazwa kwa mikanda ndani ya lori ni kiunzi. Na kinachopandishwa ukutani ni kiunzi kilekile, kwa jozi ya mbao zilizokatwa mshazari: moja imefungwa ukutani, nyingine mgongoni mwa kiunzi, nazo hukamatana kwa uzito wa mzigo wenyewe. Ukumbi wa mazoezi ya dansi unaotaka ukuta mzima wa vioo hupata viunzi kadhaa vilivyopangwa bega kwa bega.

Sababu ya uangalifu wote huo ni tabia ya kioo. Kioo kina nguvu kubwa kikibanwa na ni dhaifu sana kikivutwa. Kingo zilizokatwa huwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kioo kikijipinda, upande wake mmoja huvutwa, na ufa ukishaanza kukimbia hausimami. Ndiyo maana vioo husafirishwa wima, vikiegemea kidogo, kwenye kile kibebeo cha umbo la herufi A kinachofungwa kwenye magari ya wauza vioo. Kioo kilicholazwa hujipinda kila gari linaporuka tuta. Kilichosimama hubebwa na kimo chake chote.

Kanuni hiyo ilipata mtihani wake mkubwa kwenye reli za Marekani. Desemba 1934, kiwanda cha Corning katika jimbo la New York kilimimina kioo chenye kipenyo cha mita 5.08 kwa ajili ya darubini iliyokuja kuitwa Hale. Kilikuwa na uzito wa karibu tani 20. Machi 1936 kiliondoka kwa treni maalumu kuelekea Pasadena, California, kikiwa kimesimamishwa wima ndani ya sanduku la chuma, juu ya behewa lililoshushwa katikati ili kisigonge madaraja ya njiani. Treni haikuruhusiwa kuzidi mwendo wa takriban kilomita 40 kwa saa, na ilisafiri mchana tu. Ilifika Aprili. Kazi ya kukisugua kioo na kukipa umbo lake iliendelea, ikakatizwa na vita, na mpaka Novemba 1947 ndipo kilipopandishwa kwenye Mlima Palomar. Huko kilisubiriwa na mfumo mwingine kabisa wa kukibeba: vishikizo 36 vilivyoingia kwenye mashimo ya mgongoni mwake na kuugawana uzito kila darubini ilipogeuka.

Kwa hiyo kioo cha Palomar kilikuwa na kibebeo cha safari, na kilipofika kikapewa kibebeo cha makao. Kifaa tunachokizungumzia hapa hufanya kazi zote mbili, na Kiswahili kinaweza kulisema jambo hilo kwa maneno machache: ni kiunzi cha kusafirishia na kusimikia vioo. Kiambishi kimoja katika kitenzi kinatuambia kwamba kifaa ndicho chombo cha kutendea kazi. Nimechagua kusimika kwa makusudi. Picha hutundikwa, kioo cha dirisha hupachikwa, lakini mtambo husimikwa, maana yake huwekwa mahali pake, hunyooshwa, hukazwa na kukaguliwa. Kioo kikubwa kinastahili kitenzi cha mitambo. Kikikazwa kwenye ukuta wenye mawimbi, nacho kitapata mawimbi, na mtu anayejitazama ataona bega moja limepanda. Wahandisi wa darubini waliligundua hilo mapema, wakapenda kukibeba kioo kwa pointi tatu, kwa kuwa vitu vitatu, kama mafiga, huwa haviachi chungu kikiyumba hata vikitofautiana kimo. Kioo kikizidi ukubwa, kila pointi hugawanywa kwa vijiti vya mizani viwe pointi tatu zaidi, na hizo tena tatu. Mhandisi Thomas Grubb wa Dublin alikuwa akitumia mizani ya aina hiyo katika miaka ya 1830.

Sasa kwa nini kiunzi, wakati kila mtu anasema fremu? Fremu ni neno zuri na halina kosa. Tatizo ni kwamba limeshapewa kazi nyingi. Ukisema fremu, msikilizaji huona pambo la kuzunguka picha au miimo ya mlango. Na katika miji ya Tanzania anayetafuta fremu anatafuta chumba cha biashara cha kupanga. Katika maana zote hizo fremu iko pembeni. Kiunzi kinatokana na kuunda, kitenzi cha waunda majahazi, nacho hutupeleka kwenye mbao zinazoshikilia umbo la chombo. Wanariadha nao wanaruka viunzi, vile vizuizi vilivyoundwa kwa mbao na vyuma. Katika neno hili mzigo unasikika. Fundi akiambiwa afunge fremu, anaweza kufikiria urembo wa ukingo. Akiambiwa afunge kiunzi, atauliza kinabeba kilo ngapi.

Neno la pili, moduli, ndilo lenye mjadala mkali zaidi. Watafsiri wengi wangependa vipande, na nia yao ni njema, kwa kuwa moduli ni neno la mkopo. Lakini kipande cha kioo, kwa kila mzungumzaji wa Kiswahili, ni kile kinachomchoma mtoto mguuni. Kuandika kwenye sanduku kwamba ndani kuna kioo cha vipande ni kumwambia mpokeaji kwamba mzigo umeshavunjika. Sehemu nayo ni pana mno, kwa sababu boliti ni sehemu na raba ni sehemu. Moduli ni kitu kizima kinachojitegemea: kina kioo chake, mgongo wake na vishikio vyake, na kinaweza kutolewa na kurudishwa bila kumgusa jirani. Wanafunzi wetu wameshalizoea neno hili katika masomo. Tulichukue.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina. Katika kasri la Versailles, Ufaransa, Ukumbi wa Vioo uliojengwa kati ya 1678 na 1684 una vioo 357 katika matao 17 yanayotazamana na madirisha 17. Kila tao lina vioo 21. Wakati ule hakuna karakana iliyoweza kutoa kioo kimoja cha ukubwa wa tao zima, hivyo mafundi walipanga vidogo ndani ya viunzi, na ukuta ukaonekana kama bwawa moja la mwanga. Kilichoanza kama upungufu wa tanuri kimegeuka njia bora ya kufanya kazi, kwa sababu kioo kimoja kikiharibika hakuna haja ya kuugusa ukuta mzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko barani kwetu. Karibu kilomita 370 kutoka Cape Town, kwenye nyanda kavu za Sutherland, kuna darubini kubwa ya Afrika Kusini iitwayo SALT, iliyozinduliwa Novemba 2005 na Rais Thabo Mbeki. Kioo chake kikuu kina upana wa takriban mita 11 kwa 10, lakini hakuna lori lililowahi kubeba kioo cha mita 11 kwenda Sutherland. Zilibebwa moduli 91, kila moja ikiwa kioo cha pembe sita chenye upana wa mita moja, zikapangwa juu ya kiunzi kikubwa cha vyuma vilivyosukwa kwa pembetatu. Kila moduli inasimama juu ya visukumio vitatu vinavyoiinua au kuiinamisha kwa vipimo vidogo mno, mpaka zote 91 zifanye uso mmoja wenye mbonyeo wa tufe. Zamu ya kupakwa alumini upya ikifika, moduli huteremshwa na kupelekwa kwenye mtambo uliopo hapohapo kilimani, na darubini haibomolewi. Huu ndio uhai wa neno moduli, na neno vipande lisingeufikisha.

Limebaki akisi. Kiswahili kinaita kioo kile cha dirishani, kile cha chumbani na hata uso wa simu. Katika mazungumzo haisumbui. Katika hati ya kuagiza mzigo inasumbua sana. Kioo cha kujitazamia kinafaa chumbani, lakini hakuna anayejitazama kwenye darubini. Kioo akisi ni kile kinachorudisha mwanga, popote kilipo. Neno hilo pia linamwonya fundi kwamba kuna tabaka la metali la kulindwa. Justus von Liebig, mkemia Mjerumani, alionyesha mwaka 1835 namna ya kuigandisha fedha juu ya kioo kwa kemikali, na leo vioo vingi vya majumbani vina fedha mgongoni chini ya rangi; vya darubini hupakwa metali usoni. Silikoni yenye harufu ya siki huila ile fedha ya mgongoni, na baada ya muda madoa meusi hujitokeza. Tumia silikoni isiyo na asidi, na acha uzito ukae kwenye ukingo wa chini wa kiunzi badala ya kuutegemea ulimbo.

Acha pia nafasi kati ya kioo na kiunzi. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya kioo. Kwa urefu wa mita 2.4, joto likipanda digrii 30, kama linavyopanda ndani ya lori lililoegeshwa juani, kiunzi hurefuka kwa karibu milimita 1.7 na kioo kwa karibu milimita 0.65. Lori likipoa usiku, kiunzi kilichobanwa wakati wa joto bila raba ya kutosha hujikunja juu ya kingo za kioo.

Kwenu mnaotafsiri katalogi, mnaofundisha katika vyuo vya ufundi stadi, na mnaochapa lebo za masanduku yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa: andikeni kiunzi cha moduli cha vioo akisi. Chini yake wekeni uzito wa moduli moja kwa kilo, mshale unaoonyesha upande wa juu, na maneno haya kwa herufi kubwa: SIMAMISHA WIMA, USILAZE.